Kisa cha PURPOSE 1: wanawake walipofika kabla itifaki haijafungwa

Tarehe 20 Juni 2024, kampuni ya dawa ya Gilead ya Marekani ilitangaza kwamba jaribio lake la kinga dhidi ya VVU, lililokuwa likiendelea Afrika Kusini na Uganda kwa jina la PURPOSE 1, lisingeendelea tena kwa utaratibu wa kuficha nani anapata dawa ipi, kwa sababu majibu yalikuwa yamekwisha kujitokeza. Miongoni mwa wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa sindano ya lenacapavir mara moja kila miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mwezi uliofuata Profesa Linda-Gail Bekker wa Chuo Kikuu cha Cape Town alisoma takwimu hizo mbele ya mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Munich, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi.

Mengi yaliyoandikwa baada ya siku hiyo yalihusu dawa. Uchambuzi huu unawahusu watu: namna wanawake Weusi, wa Afrika na wa Marekani, walivyofika kwenye meza ambako maswali ya utafiti hupangwa, walichokipata hapo, na mahali sauti yao ilipokomea. Ninaamini kwamba sifuri ile ilitokana na kemia na vilevile na maamuzi ya itifaki, yaani mpango wa maandishi wa jaribio, ambayo wanawake waliyapigania kwa miaka mingi. Ninaamini pia kwamba nafasi waliyopewa iliishia kwenye itifaki, haikufika kwenye bei wala kwenye mgao, na kwamba upungufu huo unaanza kuonekana sasa katika kliniki za nchi zetu.

Miaka ya kulaumiwa

Kilichobadilika hakieleweki bila kurudi kwenye jaribio la VOICE, lililofanyika kati ya mwaka 2009 na 2012 kwa wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Washiriki walipewa vidonge vya kumeza kila siku au jeli ya kutumia ukeni, na matokeo yaliyotolewa Machi 2013 yalionyesha kuwa hakuna hata njia moja kati ya hizo iliyowakinga. Sababu ilionekana kwenye damu. Ingawa maelezo ya washiriki na hesabu ya vidonge vilivyorudishwa kliniki vilionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya dozi zilikuwa zimetumika, dawa yenyewe ilipatikana katika sampuli zisizofika theluthi moja. Wanawake walikuwa wakija kliniki, wakipimwa, wakijibu maswali na kuchukua dawa mwezi baada ya mwezi, na wengi wao hawakuimeza.

Lugha iliyofuata iliumiza. Ilisemwa kwamba wanawake walidanganya, na kwa muda fikra za wengi zilielekea kwenye vipimo ambavyo vingemkamata mshiriki asiyemeza dawa. Mahojiano yaliyofanywa baadaye na baadhi ya washiriki yalileta maelezo ambayo mwanamke yeyote wa Kampala au Durban angeweza kuyatoa mapema kama angeulizwa. Vidonge vile vilifanana na dawa za kufubaza VVU, kwa kuwa kweli vilitokana na dawa hizohizo. Kopo la vidonge hulia ndani ya mkoba, na sauti ile watu wanaijua. Binti anayelala chumba kimoja na wadogo zake, au mke anayeishi kwa mama mkwe, hana kabati la kufunga kwa ufunguo, na mume akikuta kopo chini ya godoro hatauliza habari za utafiti: atauliza ugonjwa umetoka wapi. Juu ya hayo, mshiriki alikuwa ameambiwa wazi kwamba huenda amepewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kuhatarisha ndoa kwa ajili ya kidonge ambacho huenda ni tupu ni jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hulikataa, na wengi walilikataa kimyakimya ili wasipoteze huduma za kliniki walizokuwa wakizipata.

Haikuwa kwamba hapakuwa na kanuni. Majaribio ya dawa kinga, ile anayotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, yaliyovunjika Kambodia mwaka 2004 na Kamerun mwaka 2005, baada ya wanaharakati kuhoji matunzo ya washiriki, yalisababisha UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, na shirika la utetezi la AVAC kutoa mwongozo wa ushirikishwaji bora mwaka 2007, na toleo la pili mwaka 2011. Bodi za ushauri za jamii zilikuwapo karibu kila kituo cha utafiti. Tatizo ni kwamba bodi hizo kwa kawaida ziliitwa itifaki ikiwa imekwisha kuandikwa, kupitishwa na kufadhiliwa, zikaombwa kusaidia kurahisisha maneno ya fomu ya ridhaa na kutuliza uvumi mtaani. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini inamkuta mtu akiwa hawezi tena kubadilisha swali.

Marekani, mwaka 2019

Upande wa pili wa bahari, wanawake Weusi wa Marekani walikuwa wakipigana vita vinavyofanana na hivyo. Katika nchi ile, takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wote waliogundulika kuwa na VVU walikuwa Weusi, ilhali Weusi ni kama mwanamke mmoja kati ya wanane. Dawa kinga, ambayo wengi huiita PrEP, ilianza kuruhusiwa huko Julai 2012 kwa jina la Truvada, kidonge cha kila siku, lakini matangazo, mafunzo ya madaktari na bajeti za uhamasishaji vilielekezwa zaidi kwa wanaume. Miaka kumi baadaye, makadirio ya serikali yalikuwa kwamba ni wanawake 15 tu kati ya kila 100 waliofaa kuipata ndio walioandikiwa, wakati kwa wanaume walikuwa 41.

Mwaka 2019 Gilead iliomba kibali cha kidonge kipya zaidi cha kila siku, Descovy, kwa matumizi hayohayo. Jaribio lililoambatanishwa na maombi, DISCOVER, lilikuwa na washiriki zaidi ya 5,300, wote wakiwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume pamoja na wanawake waliobadili jinsia. Mwanamke aliyezaliwa mwanamke hakuwamo hata mmoja. Kampuni iliomba hata hivyo kwamba kibali kiwahusu na wanawake, kwa kukisia kutokana na takwimu za wanaume. Tarehe 7 Agosti 2019 kamati ya washauri ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipiga kura: 16 kwa 2 kukubali kwa kundi lililopimwa, na 10 kwa 8 kukataa kwa wanawake. Oktoba mwaka huo kibali kilitolewa kikiwaacha nje wale ambao hatari yao inatokana na ngono ya ukeni, pamoja na sharti kwamba utafiti kwa wanawake ufanyike.

Watetezi wa wanawake walijikuta katika hali ngumu. Kushangilia kura ile kulimaanisha kukubali wanawake wakose dawa. Kuipinga kulimaanisha kukubali wapewe dawa isiyopimwa kwao. Walichosema wengi, na hapa ndipo uongozi ulipoonekana, ni kwamba uamuzi ule mgumu ulitengenezwa miaka kadhaa nyuma, siku ambayo mtu fulani alipanga jaribio bila wanawake na hakuna aliyemzuia. Dázon Dixon Diallo, aliyeanzisha shirika la SisterLove mjini Atlanta mwaka 1989 na baadaye kupeleka kazi yake hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa waliokuwa wakilisema hilo kwa miaka mingi kabla halijawa habari. Kazi yake inaonyesha pia kwa nini si sahihi kuzitazama harakati za Atlanta na zile za Johannesburg kana kwamba hazijuani: wanawake hawa walikutana kwenye mikutano ileile, wakasoma itifaki zilezile, wakapeana hoja.

Kilichoamuliwa mezani

PURPOSE 1, lililoanza kuandikisha washiriki mwaka 2021, ndilo jaribio lililobeba swali la Descovy kwa wanawake pamoja na swali jipya la lenacapavir. Safari hii kampuni iliunda kundi la kimataifa la ushauri na uwajibikaji la jamii, likiwa na watetezi kama Yvette Raphael wa Afrika Kusini na Lillian Mworeko wa Uganda, anayeongoza mtandao wa wanawake wanaoishi na VVU wa Afrika Mashariki wenye makao Kampala. Wote wawili wametumia sehemu kubwa ya maisha yao katika utetezi wa kinga na matibabu, na hawakuhitaji kuelezwa mambo ya kopo la vidonge.

Maamuzi mawili ya itifaki yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa yote mawili yalikwenda kinyume cha mazoea.

La kwanza ni umri. Jaribio lilipokea washiriki wa miaka 16 hadi 25. Kwa kawaida wasichana walio chini ya miaka 18 husubiri: dawa hupimwa kwa watu wazima, hupata kibali, kisha baada ya miaka kadhaa utafiti mdogo hufanywa kwa vijana. Hoja ya kuwalinda watoto inaonekana nzuri mpaka utazame maambukizi yanatokea lini. UNAIDS ilikadiria kwamba mwaka 2023 kila wiki wasichana na wanawake vijana wa miaka 15 hadi 24 wapatao 4,000 waliambukizwa duniani, na kati yao 3,100 walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Ukimsubirisha binti wa miaka 16 mpaka dawa imalize mzunguko wake, atakuwa na miaka 22, na huenda asiihitaji tena kwa sababu mbaya kabisa. Kuwapokea kulileta kazi ngumu ya ridhaa, maana si rahisi kumwomba mama saini ya kumruhusu bintiye kuingia katika utafiti wa kinga ya VVU bila kumwambia kwamba bintiye anaye mpenzi, na hapo ushauri wa watu wanaozijua familia hizo ulikuwa na thamani kuliko ibara yoyote ya kisheria.

La pili ni ujauzito, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi. Majaribio mengi humtaka mwanamke atumie uzazi wa mpango ndipo aandikishwe, na akishika mimba husimamishwa dawa. Matokeo yake ni kwamba dawa huingia sokoni bila taarifa za ujauzito, kisha mkunga wa kituo cha afya huachwa peke yake na mama mjamzito anayeuliza kama sindano itamdhuru mtoto. Katika PURPOSE 1 uzazi wa mpango haukuwa sharti, na mshiriki aliyeshika mimba alielezwa upya faida na hatari, kisha akaamua mwenyewe kama aendelee. Katika makundi yote zilitokea mimba zaidi ya 500. Hiyo ni hazina ya taarifa ambayo kwa mtindo wa zamani isingekuwapo.

Upande wa lenacapavir yenyewe, mshiriki alimeza vidonge viwili siku ya kwanza na viwili siku ya pili ili dawa ipande haraka, kisha akachomwa sindano mbili za mililita moja na nusu chini ya ngozi ya tumbo. Dawa hukaa pale na kutoka polepole kwa miezi sita. Mara nyingi huacha kivimbe kidogo kinachohisika ukikipapasa, na zaidi ya asilimia 60 ya waliochomwa lenacapavir walikipata, lakini walioacha kwa sababu yake walikuwa wachache mno. Kwa mwanamke anayelazimika kuficha, kivimbe chini ya kanga ni siri inayowezekana kutunzwa. Na kwa kuwa jaribio lilificha makundi yake matatu, la lenacapavir, la Descovy na la Truvada, kila mshiriki alipata vyote, vidonge vya kila siku na sindano, moja kati ya hivyo ikiwa haina dawa. Hata waliopata lenacapavir walitoka kliniki na kopo lao. Hakuna aliyeachwa bila dawa kabisa, kwa kuwa kinga inayofanya kazi tayari ilikuwapo na kuwanyima wanawake kinga hiyo kwa ajili ya kulinganisha kungekuwa dhuluma. Badala yake watafiti walikadiria kasi ya maambukizi kwa kuwapima wote 8,094 waliofika kuchunguzwa, wakitumia kipimo kinachotofautisha maambukizi ya karibuni na ya zamani, wakapata wastani wa maambukizi 2.41 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka.

Wanawake 55

Waliopewa Descovy walikuwa 2,136, na kati yao 39 waliambukizwa. Waliopewa Truvada walikuwa 1,068, na 16 waliambukizwa. Kitakwimu, kundi la Descovy halikutofautiana na kasi ya kawaida ya maambukizi, na sababu ilikuwa ileile ya VOICE: wengi hawakumeza vidonge, na idadi ya waliomeza ilizidi kushuka kadiri muda ulivyokwenda. Wachache waliomeza kwa uthabiti walionekana kukingwa. Kwa hiyo swali lililoigawa kamati ya Marekani mwaka 2019, kama dawa ile inafika ukeni kwa kiwango cha kutosha, halikuwa ndilo lililoamua usalama wa wanawake hawa. Kilichoamua ni maisha wanayoishi na kidonge.

Safari hii lugha ilikuwa tofauti. Sikusoma popote katika mijadala ya wataalamu kwamba wanawake walidanganya. Ilisemwa kwamba kidonge cha kila siku hakiwafai wengi wao, na hilo ni badiliko la heshima ambalo halikuja lenyewe. Hata hivyo wanawake 55 waliambukizwa ndani ya jaribio, na ninaona si haki kuwapitia haraka ili kufika kwenye sifuri. Uamuzi wa kuwapa wanawake zaidi ya 2,000 dawa ambayo kwao ilikuwa haijathibitishwa, na kuwapa nusu ya idadi hiyo tu dawa iliyokuwa tayari na kibali, ulikuwa na mantiki ya kisayansi, na kundi la jamii liliishi nao. Lakini ni deni, na deni hilo linadaiwa kwa niaba ya wanawake wote wa maeneo yale.

Mahali sauti ilipokomea

Oktoba 2024 Gilead ilitoa leseni kwa watengenezaji sita kuzalisha lenacapavir ya bei nafuu kwa nchi 120. Kenya, Tanzania na Uganda zimo. Brazili, Argentina, Meksiko na Peru, ambako jaribio dada la PURPOSE 2 lilifanyika kwa miili ya raia wao, hazimo. Tarehe 18 Juni 2025 dawa ilipata kibali Marekani kwa bei ya orodha ya dola 28,218 kwa mtu kwa mwaka. Julai, kwenye mkutano uliofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi. Septemba yakatangazwa makubaliano ya kuiuza kwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027 katika nchi za leseni. Tofauti kati ya namba hizo mbili inatosha kuonyesha kwamba bei ni uamuzi wa watu. Katika nyaraka za jaribio nilizozipitia sikuona mahali ambapo kundi la jamii lilipewa kauli yoyote juu yake.

Fedha za kuwafikishia wanawake dawa nazo ziliyumba. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na ilipolegeza masharti ya mpango wake wa UKIMWI, dawa kinga iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Ilipotangaza mnamo Septemba kuchangia ununuzi wa lenacapavir, kipaumbele kilikuwa kilekile. Hapa matunda ya meza ile yanaonekana kwa namna mbili zinazovutana. Mama mjamzito wa Masaka au Kisumu anaweza kupewa sindano hii leo kwa sababu wanawake walisisitiza wajawazito wasiondolewe kwenye jaribio. Wakati huohuo binti wa miaka 17 asiye na mimba, ambaye wanawake walewale walimpigania aingie, na ambaye wenzake walitoa damu yao ili majibu yapatikane, anawekwa nyuma ya foleni mpaka ashike mimba.

Atlanta hali si bora sana. Georgia ni mojawapo ya majimbo ya kusini ambayo hayajapanua kikamilifu bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini, na wanawake Weusi ni wengi miongoni mwa wanaobaki bila bima. Jaribio la PURPOSE 3, lililopangwa kwa wanawake wa Marekani, ni dogo, la washiriki mamia machache. Linaweza kueleza kama wanawake wanaipenda sindano, lakini haliwezi kumlipia yeyote.

Udhaifu mwingine wa kundi lile ni kwamba liliitwa na kampuni na wajumbe wake hawakuchaguliwa na washiriki. Hilo halipunguzi ujasiri wao, na wengi wao waliendelea kupaza sauti kuhusu leseni na bei wakiwa nje ya kundi. Lakini neno uwajibikaji lilikuwa kwenye jina lake, na uwajibikaji unahitaji kitu cha kushikia: kifungu cha mkataba, tarehe ya usajili wa dawa, kiwango cha bei kilichoandikwa kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa.

Nafasi ya kulipima hilo tayari ipo. Mwaka 2025 kampuni ya Merck ilitangaza jaribio la kidonge cha kinga cha mara moja kwa mwezi, MK-8527, kwa wasichana na wanawake vijana wa Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Bodi za jamii za maeneo hayo zina haki ya kudai, pamoja na fomu ya ridhaa, maandishi yanayosema dawa ikifaulu itauzwa Kenya na Uganda kwa kiasi gani, itasajiliwa lini, na nani atailipia kwa binti ambaye si mjamzito.